Upande wa Kulia

Asubuhi ya tatu hospitalini Kuressaare
baba aliomba kalamu.
Akaandika kwa mwandiko wake uleule wa mchonga mawe,
kila herufi wima, kana kwamba imepimwa kwa timazi:
Tiiu, niletee miwani. Paka asilale njaa.
Akanipa karatasi. Nikaisoma, nikamrudishia.
Akaigeuza juu chini, chini juu.
"Nani kaandika hii?" akauliza.
"Na ni lugha gani?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha,
maana mizaha ya Heldur Kuusk ni mikavu kama vumbi la mawe yake.
Kisha nikautazama mdomo wake.

Daktari Sirje alikuwa na kucha fupi
na picha ya ubongo, nyeusi na kijivu. Akagusa doa.
Mshipa umeziba huku nyuma, kushoto,
na damu haikufika hata kwenye daraja,
kile kifungu cha nyuzi kiungacho nusu mbili.
Nusu ya kulia inaona, alisema.
Inaona mistari, pembe, wino.
Ila majina ya herufi yanakaa ng'ambo, kushoto,
na siku hizi hakuna kinachovuka.
Kuandika kuna njia yake, haikuguswa.
Ndiyo maana anaweza kutuma barua
na hawezi kuipokea.

Usiku, kwenye kiti cha wageni, niliiwaza hiyo nusu.
Kulia, kama mkono. Kulia, kama machozi.
Niliiona kama mtoto aliyetumwa dukani
akasahau alichotumwa:
sarafu anayo, njia anaijua,
mwenye duka anamtazama,
na yeye kasimama tu, kiganja wazi.

Tulirudi nyumbani Kaarma.
Bega lake la kulia likawa linagonga kila mwimo wa mlango,
kwa kuwa upande huo wa dunia macho yake yaliufuta.
Magazeti akayatia jikoni yakiwa bado yamefungwa.
Kahawa aliijua kwa rangi ya kopo,
barua za benki kwa harufu, alisema, na hapo kweli alitania.
Miaka arobaini na mmoja kisiwa kizima
kilimkabidhi majina ya wafu wake,
na sasa jina lake mwenyewe mlangoni
lilikuwa nyayo za kuku.

Kisha asubuhi moja, mbele ya boksi la maziwa,
nikaona kidole chake cha shahada kikitambaa mezani.
Kilishuka, kikapanda, kikajikunja.
"P," akasema.
Kikashuka tena. "I. I nyingine."
Uji ulipoa. Mimi sikumeza mate.
"M. Piim."
Herufi nne, dakika nzima.
"Maziwa!" akanitangazia, kama mtu aliyegundua ng'ombe.

Kile ambacho jicho lilishindwa kuvusha
mkono ulikibeba kwa njia ya nyuma,
njia ya fundi, isiyo na daraja wala lango.
Daktari alieleza vizuri zaidi kwenye simu,
lakini mimi nilikuwa nakitazama kidole:
kucha iliyopasuka tangu enzi za nyundo,
kikisoma.

Oktoba akataka kwenda kwa mama.
Mvua nyembamba, majani yamegandamana njiani.
Alisimama mbele ya jiwe alilolichonga mwenyewe
miaka tisa iliyopita, akalitazama kwa adabu
kama unavyomtazama mgeni ambaye jina lake limekuponyoka.
Halafu akavua glavu.
Kidole kikaingia kwenye mfereji wa ile O
yenye wimbi kichwani, kikazunguka,
kikapanda kwenye wimbi, kikateremka.
Sikumsaidia. Nilitamani sana kumsaidia.
"Õ," akasema. "I."
Kwenye E alikaa sana. Akarudi mwanzo wake, akarudi tena.
Nikadhani imempotea.

"Õie," akasema.
Kisha, akisugua mstari wa chini kwa kidole gumba:
"Mkono huu wa E umezidi. Milimita mbili."
Akaivaa glavu, kidole kimoja baada ya kingine.
"Siku ile," akasema, "nilikuwa sioni."